Nilipokatazwa Kulala

Kama unasoma haya saa nane za usiku, umejifunika shuka mpaka kichwani ili mwanga wa simu usimwamshe mtu, naomba uweke simu chini. Usinisome sasa. Nisome kesho mchana, ukiwa umekaa kwenye kiti. Najua hutanisikiliza, maana hata mimi nisingesikiliza. Lakini hilo ndilo neno ambalo ningependa mtu aniambie mapema, kabla sijapoteza miezi mingi nikisoma usiku habari za watu wasiolala.

Naitwa Minza. Kwetu ni kijiji kilicho kando ya barabara ya kutoka Bariadi kwenda Lamadi, nusu saa kwa bodaboda ukitokea mjini. Nina shahada ya ualimu, masomo ya Biolojia na Jiografia. Baba analima pamba na dengu. Mama, ambaye nyumbani tunamwita mayu, analima naye na Jumapili anaimba kwaya. Tumezaliwa wawili, mimi na dada yangu Kabula, aliyeolewa upande wa Nassa. Hakuna jambo la kutisha lililotupata. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyenitenda vibaya. Kwa muda mrefu nilitafuta sababu kubwa ya kukosa usingizi, nikawa naona aibu kwamba sina.

Sababu yangu ilikuwa ndogo. Niliitwa kwenye usaili wa ajira za ualimu, na usiku wa kuamkia usaili sikulala. Asubuhi niliingia chumbani mwa wasaili, wakaniomba nieleze jinsi nitakavyofundisha mada ya osmosisi kwa kidato cha kwanza. Mada hiyo nilikuwa nimeifundisha kwa kujitolea mwaka mzima kwenye sekondari ya kata yetu. Nikaanza, "Maji hutoka..." na hapo hapo nikasahau maji hutoka wapi. Msaili mmoja, mwanamke mwenye sauti ya upole, akaniambia, "Mwalimu, kunywa maji kwanza." Nikanywa. Hayakunikumbusha kitu.

Wengi hukosa usingizi usiku mmoja kabla ya mtihani, wakashindwa, wakaendelea na maisha. Mimi nilirudi nyumbani nikaufanyia usiku ule uchunguzi. Nikafikia uamuzi kwamba asiyelala hafaulu, kwa hiyo kabla ya usaili mwingine lazima nihakikishe nimejua kulala. Nikaanza kujifunza kulala kama mtu anayesomea mtihani. Na usingizi, nimekuja kujua, ukiufukuzia unazidi kukimbia.

Ulikuwa wakati wa palizi. Wenzangu walikuwa wanarudi shambani wamechoka, wakilala kama magogo. Mimi nilikuwa napiga hesabu. Nikilala sasa hivi nitapata saa nne na dakika arobaini. Nikilala sasa hivi nitapata saa tatu na robo. Nikisikia mtu anakoroma chumba cha pili, nilimchukia kama mtu aliyeniibia. Zilipofika mvua za masika, mwili ulikuwa umeshaanza kutoa taarifa. Mikono ilitetemeka nikishika chaki. Midomo ilichanika pembeni, nywele zilibaki kwenye kitana, na siku zangu za mwezi zikaacha kufuata mpangilio. Sketi nilizoshonewa chuoni nikawa nazifunga kwa pini. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kulia nikidondosha kijiko, lakini nikigusa mto tu, macho yanafunguka kama ya mtu aliyeitwa jina.

Siku moja darasani niliandika ubaoni tarehe ya mwezi uliopita, wanafunzi wakacheka, nikaanza kulia mbele yao. Mkuu wa shule aliniita ofisini akaniambia nikapumzike kwanza, nafasi yangu ya kujitolea ipo nikipata nguvu. Alisema kwa wema. Mimi nilisikia kwamba nimefukuzwa hata kazi isiyo na mshahara.

Nyumbani walinipenda vibaya sana. Sina namna nyingine ya kusema. Mayu alitoa amri kwamba ikifika saa moja jioni redio izimwe. Mbuzi walihamishiwa kwa baba mdogo. Jogoo wa baba alikuwa na tabia ya kuwika saa tisa usiku, basi Jumapili moja tukamla, na baba alikula kimya kimya kama mtu aliye msibani. Watu walitembea uani kwa ncha za vidole. Mchana mayu alifunga pazia la chumba changu, akawa anasema, "Lala, ng'wanone," mwanangu, na kama kuna mgeni aliyepiga hodi kwa sauti alikemewa. Kwa siku nilikuwa kitandani saa kumi na mbili, wakati mwingine zaidi. Nikiwa nimejilaza hapo, jinsi nyumba ilivyokuwa kimya, nilisikia jinsi wote wanavyonisubiri nilale.

Na kuna jambo lililouma kuliko jogoo. Kabula alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi sita. Kwetu binti akikaribia kujifungua mtoto wa kwanza hurudi kwa mama yake, na Kabula alikuwa ameshaanza kufungasha begi. Mayu akampigia simu kumwambia asije, abaki kwa mume wake, kwa sababu kichanga kitalia na mimi sitalala. Nilimsikia mayu akiongea nje ya dirisha langu. Kisha mayu akasema, "Usikate, mwanangu, usikate," lakini ilikuwa imeshakatwa.

Shangazi, yaani sengi kwa Kisukuma, alikuja na ushauri wake: nimetupiwa kitu na wenye wivu wa elimu yangu, kuna mtu anafahamika, tumwendee. Baba alikataa. Mayu hakukataa wala hakukubali, akawa analia. Walikaa siku nne wakizungumza kwa kupitia mimi. "Mwambie baba yako chakula tayari." "Mwambie mama yako sina njaa." Mgonjwa ndiye aliyekuwa mjumbe.

Zahanati walinipima malaria, taifodi, damu na kila kinachopimika. Nilikuwa mzima, na hilo lilinitia hofu zaidi. Nilipewa vidonge vya wiki mbili, vikanisaidia kwa siku chache, halafu nikaanza kukesha nikiwaza vidonge vikiisha itakuwaje. Tabibu mmoja kijana akanitazama akasema, "Dada, wewe huna tatizo la usingizi peke yake. Una tatizo la kuuogopa usiku." Akaniandikia niende kliniki ya afya ya akili, hospitalini Bariadi.

Nilikaa na karatasi ile siku tisa. Nilifikiria nani atakayeniona pale. Nilifikiria kama majina ya wagonjwa hupelekwa kwa waajiri. Nilifikiria kwamba nikienda, basi ni kweli nina ugonjwa, na nisipoenda, basi ni kweli sitapona. Siku ya kumi baba akaja mlangoni amevaa shati lake la kanisani. "Twende," akasema. "Au unataka kufikiria mpaka pamba yote ipasuke?"

Benchi la kusubiria lilikuwa barazani. Nilijifunika mtandio mpaka puani. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mwenye kapu, akaniuliza, "Unamsubiri mgonjwa wako?"

"Mgonjwa ni mimi."

Akanipima kwa macho toka juu mpaka kwenye viatu. "Mbona uko mzima? Unaumwa nini?"

"Silali."

"Eeh! Na mimi dawa zangu zinanilaza kama gunia. Naamka ugali umeshaungua. Tungekuwa majirani tungegawana."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka baada ya wiki nyingi, na nikaona kwamba yule mama hakuwa amejifunika chochote usoni. Nikashusha mtandio.

Aliyenihudumia ni mwanasaikolojia ambaye wote pale walimwita Dokta Neema. Hakunipa kidonge. Alinipa karatasi zenye mistari nijaze kila asubuhi, kwa kukadiria tu, nimepanda kitandani saa ngapi, nadhani nililala saa ngapi, nimeamka saa ngapi. Alinikataza kuangalia saa usiku. Aliniuliza pia kama naendesha pikipiki au mashine yoyote, na kama nina kifafa, kisha akaniambia nirudi baada ya wiki mbili, nije na mtu ninayeishi naye.

Nikaenda na mayu. Pamba ilikuwa imeanza kupasuka na alilalamika njia nzima kuhusu siku ya kuvuna inayopotea. Dokta Neema alijumlisha karatasi zangu, akaniambia, "Unakaa kitandani saa kumi na mbili, unalala kama saa tano. Basi tutakupa kitanda kwa saa tano. Utapanda saa sita usiku, utaamka saa kumi na moja alfajiri. Kila siku, hata Jumapili. Mchana hapana."

Mayu aliweka kapu chini. "Dokta, samahani. Mtoto wangu haumwi kwa kukosa kulala?"

"Ndiyo, mama."

"Na dawa yake ni asilale?"

"Kwa sasa, apunguze kukaa kitandani."

"Sijawahi kusikia hospitali inamkataza mgonjwa kulala. Hata ng'ombe akiumwa tunamwacha apumzike!"

Dokta Neema hakukasirika. Akamuuliza, "Mama, wakati wa kiangazi kikali, ng'ombe aliyekonda akilala chini, mnamwacha?"

"Hapana. Tunamwinua."

"Na akilala tena?"

"Tunaita majirani, tunamwinua tena. Wengine wanashika mkia, wengine wanamwekea bega ubavuni. Asipoinuliwa atazoea chini, anafia pale pale."

"Na yeye anataka kuinuliwa?"

"Anataka wapi! Analalamika."

"Basi," Dokta Neema akasema, akaanza kuandika.

Mayu alinitazama kwa jicho ambalo nimeliona akiwatazamia ng'ombe wa baba mwezi wa tisa. Kisha akaniambia kwa Kisukuma kwamba nijiandae, yeye ana mabega.

Masharti yalikuwa mengine pia. Kitanda kiwe cha kulala tu, si cha kusomea, kulilia wala kuperuzi simu. Nikikaa macho mpaka nikaanza kukasirika, niamke, niende chumba kingine nifanye kitu kisichonoga, nirudi usingizi ukinijia. Nipange nusu saa ya kuwaza, saa kumi na moja jioni, nikiwa na daftari, na wasiwasi ukija usiku niuambie ofisi imefungwa. Nyumba irudie sauti zake za kawaida. Na la mwisho, ambalo yeye aliliona dogo: "Asubuhi watu wasikuulize umelalaje."

Hapo mimi na mayu tuliangaliana. Dokta alikuwa mtu wa mkoa mwingine, hakujua alichosema. Kwetu asubuhi haianzi bila salamu. Unapiga goti mbele ya baba, anasema "Mwangaluka," unaitikia, na anakuuliza usiku ulikuwaje, umelala salama, na wa chumba chenu wamelalaje. Kisha unakwenda kwa mama, unaanza upya. Kwa mwaka ule kila asubuhi nilipiga goti nikaulizwa swali nililofeli. Nikisema "salama" nimedanganya. Nikisema ukweli, nimeharibu siku ya watu wote. Lakini binti anayeamka na kupita bila kuamkia wazazi huyo si mgonjwa tena, huyo hana adabu.

Tulimpelekea baba shauri hilo. Alilitafuna jioni nzima. Kesho yake saa kumi na moja na dakika chache nikatoka, nikapiga goti, giza bado lipo. Baba akakohoa, akasema kwa heshima yote, "Mwadila."

Mwadila ni salamu ya mchana. Ndani yake hakuna habari za usiku. Unaulizwa umeshindaje, habari za kazi, habari za jua.

"Mwadila, baba," nikaitikia.

"Habari za mchana?"

"Nzuri."

"Jua kali?"

"Kali sana," nikasema, na nyota zilikuwa zinaonekana.

Mayu alikuwa jikoni akicheka mpaka sufuria ikamponyoka. Tuliendelea hivyo msimu mzima wa kuvuna. Majirani waliosikia walidhani tumechanganyikiwa familia nzima, na sengi alisema sasa ni wazi kwamba kitu kimetua kwenye boma lote.

Usifikiri nilipona siku hiyo. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko ugonjwa wenyewe. Saa nane mchana nilikuwa nasinzia nimesimama kwenye mistari ya pamba, kiroba kiunoni. Mayu alikuwa anakuja kunishika kwapa. "Inuka, ng'ombe wangu. Inuka." Nilimchukia Dokta Neema kwa moyo wote. Jumapili moja, wao wakiwa kanisani, nikajiiba nikalala mchana kwa saa tatu, tamu kama asali. Nikalipa kwa siku tatu za kukesha. Sikurudia.

Shida nyingine ilikuwa kufika saa sita. Kijijini saa tatu usiku watu wameshalala. Hapo ndipo pamba iliponiokoa. Wakati wa mavuno tunaihifadhi ndani, chumba cha mbele kinajaa mpaka dirishani. Kabla ya kupelekwa kwenye mizani lazima ichambuliwe, pamba safi kwake na pamba fifi, ile ya njano na yenye majani makavu, kwake. Hakuna kazi isiyonoga kuliko hiyo. Nikawasha taa ya sola, nikaketi mkekani, nikachambua. Na nikishindwa kulala kitandani, nilirudi pale pale kwenye pamba.

Baba alianza kukaa nami, akisema anakuja kuhakikisha siharibu. Alisinzia kila baada ya dakika kumi, lakini alikaa. Usiku mmoja aliniambia kwamba mwaka niliozaliwa, mvua zilipokataa, alikaa macho mwezi mzima, akisikia kila mwanzi wa paa ukilia. "Hatukujua kama ni ugonjwa," alisema. "Tulisema tu fulani ana mawazo." Sikuwa nimewahi kuzungumza na baba hivyo. Na tulipopeleka pamba, karani wa mizani alichota konzi, akaichungulia, akauliza, "Mzee, mmeajiri watu wangapi?" Baba akasema ana mmoja tu, lakini ana shahada.

Kila baada ya wiki mbili nilirudi kwenye lile benchi. Sehemu ya pili ya tiba ilikuwa kubishana. Mimi ni bingwa wa kubishana, nilidhani nitamshinda.

"Usiku wa leo usipolala," Dokta aliuliza, "kesho kutatokea nini?"

"Nitachoka."

"Halafu?"

"Nitasahau ninachofundisha."

"Halafu?"

"Sitapata kazi."

"Halafu?"

"Nitazeekea kwa baba."

"Halafu?"

"Nitafia pale pale, na watasema alisoma bure."

"Sawa," akasema. "Umetoka kitandani mpaka kaburini chini ya dakika moja. Hata gari ya wagonjwa haiendi hivyo." Akaniambia niandike kwenye daftari siku zote nilizofanya jambo la maana bila kulala. Nilisema hakuna. Alisema ana muda. Mwishowe nikakumbuka msiba wa bibi, nikiwa kidato cha nne. Tulikesha matangani usiku mbili, na asubuhi ya tatu nilifanya mtihani wa Jiografia. Nilipata A. Nilitazama sentensi hiyo kwenye daftari kama vile imeandikwa na mtu mwingine. Miezi yote ile nilijiambia kuwa asiyelala hafaulu, na ushahidi wa kunipinga nilikuwa nao kwenye cheti.

Wiki ya tano ya tiba nilimpigia simu Kabula.

"Njoo ujifungulie nyumbani," nikamwambia.

"Nani kasema? Mayu?"

"Mimi. Dokta amesema nyumba iwe na kelele."

"Aaah. Kwa hiyo mtoto wangu sasa ni dawa?"

"Dada, nisamehe."

Akavuta pumzi. "Nitakuja. Na nitapiga kelele za uchungu mpaka Lamadi wanisikie. Na kichanga nitakulaza nacho kitanda kimoja."

"Kitanda hapana, kitanda ni cha kulala tu."

"Umeanza," akasema, lakini nilisikia anatabasamu.

Alijifungua salama kituo cha afya, mtoto wa kike mwenye mapafu ya mwimbaji wa kwaya. Redio ikarudi, mbuzi wakarudi kutoka kwa baba mdogo. Siku chache baadaye niliamshwa na kilio cha yule mtoto. Nilimsikia Kabula akimbembeleza, nikawaza, "Analia." Wazo lenyewe liliishia hapo. Nilichojua baadaye ni mayu anagonga mlango, saa kumi na moja imefika. Nilikaa kitandani nimeshika magoti. Nilikuwa nimeamka katikati ya usiku na nikalala tena, kama mtu yeyote.

Karatasi zilipoonyesha kwamba karibu muda wote ninaokuwa kitandani nimelala, Dokta aliniongezea dakika kumi na tano. Wiki iliyofuata nyingine kumi na tano. Sijawahi kupewa zawadi nikaithamini hivyo. Tulipokuwa tunang'oa dengu, nilikuwa napanda kitandani saa nne na nusu, midomo imepona, sketi imeacha kuhitaji pini. Nilirudi shuleni kujitolea. Na asubuhi moja baba, mawazo yake yakiwa kwenye jembe lililovunjika, akaniambia "Mwangaluka, umelala salama?" nami nikajibu "Salama" na kupita. Hatua kumi mbele ndipo sote tukagundua. Baba alishika kichwa. Nikamwambia aache, hiyo ndiyo salamu yangu. Lalamiko lake lilibaki moja tu, kwamba msimu ujao pamba itachambuliwa na nani.

Kisha simu ikaingia: naitwa tena kwenye usaili.

Nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu wewe unayenisoma utafika siku kama hii. Usiku wa kuamkia usaili sikulala vizuri. Labda saa tatu, labda chini ya hapo, sikuangalia saa. Hofu ya zamani ilikuja na kukaa miguuni mwa kitanda. Niliamka, nikakaa kwenye kiti, nikasoma karatasi ya maelekezo ya dawa ya kuua wadudu wa pamba, mbele na nyuma. Nikarudi. Asubuhi kichwa kilikuwa kizito na mikono baridi. Kwa mara ya kwanza sikujaribu kujirekebisha. Nilijiambia, leo anakwenda mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka anajua osmosisi.

Waliniuliza jambo lingine kabisa, jinsi ya kufundisha mmomonyoko wa udongo shule isiyo na maabara. Nikawaambia ningewatoa wanafunzi nje baada ya mvua, tukasimame kwenye makorongo yaliyokata mashamba yetu, tupime kwa kamba. Nilizungumza nikasahau kama nimechoka. Swali moja sikulijua jibu lake. Zamani ningekufa. Nikasema, "Hilo sina hakika nalo, ningelitafuta kabla ya kuingia darasani," na msaili akaitikia kwa kichwa, akaandika. Nilitoka nje jua limesimama utosini, nikashika ukuta. Nilikuwa nimefanya jambo nililoliogopa, katika hali niliyoiogopa. Hata kama wangeninyima kazi, ugonjwa ulikuwa umeshindwa pale ukutani.

Baada ya hapo ilikuwa kusubiri majina ya walioajiriwa. Wiki sita. Kila jioni, kwa nusu saa, nilimwandikia wasiwasi kila alichotaka, kisha nikalifunga daftari.

Sitakudanganya kwamba silali vibaya tena kamwe. Huwa inatokea. Tafuta mtu aliyesomea jambo hili, usijipangie masaa mwenyewe kwa kusoma maneno yangu, hasa kama unaendesha chombo au una ugonjwa mwingine. Waambie wa nyumbani kwako waache kukunyamazia. Na wiki mbili za mwanzo ukitaka kukimbia, usikimbie wiki hizo hizo.

Asubuhi moja mwanzoni mwa mvua za vuli niliamka saa yangu, nikatoka chumbani. Udongo ulinukia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na mimi sikuisikia. Chumba cha mbele taa ilikuwa inawaka. Baba amekaa kwenye kiti na koti lake, mayu mkekani, Kabula amepakata mtoto, simu mkononi. Wote watatu macho mekundu kama pilipili.

"Nani amekufa?" nikauliza.

"Hakuna aliyekufa," Kabula akasema. "Majina yametoka. Toka saa saba usiku. Nilikuwa namnyonyesha huyu, nikaona kwenye grupu."

"Na mmenyamaza mpaka sasa?"

"Mimi nilitaka kukuamsha," mayu akasema haraka. "Baba yako akasimama mlangoni kama askari."

"Niliingia mara moja," baba akajitetea. "Nikakuta anakoroma. Nitamwamshaje mtu anayekoroma, baada ya yote yale?"

"Mimi sikoromi."

"Nimekurekodi," Kabula akasema. "Tuanze na hilo au tuanze na majina?"

"Kabula!"

"Meatu. Kata ya Bukundi. Minza wa Biolojia na Jiografia, jina la kumi na saba. Mwalimu."

Nilipiga goti pale pale, na si kwa kusalimia. Mayu alinikumbatia shingo, akawa anasema wabeja, wabeja, asante kwa Mungu na kwa kila mtu. Baba aliangalia ukutani akipangusa pua kwa mgongo wa mkono. Mtoto ndiye pekee aliyekuwa usingizini.

"Na ninyi mmekaa hapa usiku wote?" nikauliza.

"Tungelalaje," mayu akasema, "na habari kama hii ndani ya nyumba?"

Nikawaambia waende wakajinyooshe, wote, ila wasizidishe nusu saa na pazia wasifunge. Kisha nikatoka nje kuwasha moto, nichemshe chai ya watu waliokesha.